Mzigo wa Mwili na Mzigo wa Vyuma: Namna ya Kufundisha Uchaguzi wa Mazoezi ya Nguvu

Mwanachuo apelekwaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya Ubungo, iwe Manzese, Mabibo, Makuburi au Kimara, hana budi kujiandaa kwa swali moja ambalo huenda asilikute katika muhtasari wa masomo. Aghalabu huulizwa na wavulana wa madarasa ya juu, tena nje ya darasa: "Mwalimu, tuendelee na haya mazoezi ya shuleni na nyumbani, au twende kwenye vyuma?" Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kulijibu swali hilo, na zaidi ya hapo, kuligeuza liwe somo la dakika 40.

Vyuma vinavyosemwa hapa si vile vya kumbi za kulipia peke yake. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam vijana wamejitengenezea viwanja vyao nyuma ya nyumba au kando ya gereji. Vifaa vyao ni bomba la chuma lililotiwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, gia za magari mabovu, na benchi la mbao lililopigwa misumari. Ubunifu huo unastahili heshima, kwa maana umetokana na watu wasiokuwa na fedha za kununua vifaa vya dukani. Lakini viwanja hivyo vilitengenezwa na vijana wakubwa kwa ajili ya miili yao wenyewe. Mtoto wa miaka 12 aingiapo humo hukuta mzigo usiopimwa kwa ajili yake, na mara nyingi hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumtazama.

Mwalimu akijibu kwa kukataza tu, mtoto ataacha kuuliza, wala hataacha kwenda. Akijibu kwa kuruhusu tu, amemtuma mahali asipopajua. Njia inayomfaa mwalimu ni kumfundisha mwanafunzi kupima: mzigo gani, kwa mwili gani, chini ya uangalizi wa nani. Mwanafunzi aliyejifunza kupima hivyo ataweza kuchagua vema hata siku ambayo mwalimu hayupo.

YAMPASAYO MWALIMU KUYAJUA

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu yampasa awe na maarifa ya hakika, kwa kuwa mitaani kuna maneno mengi yanayopingana.

Kwanza, misuli haitambui chanzo cha mzigo. Msuli hupata nguvu unapolazimika kufanya kazi kubwa kidogo kuliko uliyoizoea, kisha ukapewa muda wa kupumzika. Kanuni ya kuongeza mzigo kidogo kidogo ilipata nguvu katika tiba mwaka 1945, pale daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alipoeleza namna alivyowarudishia nguvu wagonjwa wake kwa kuwanyanyulisha uzito uliokuwa ukipandishwa hatua kwa hatua. Chuma ni njia moja ya kupata mzigo huo. Mwili wa mtu mwenyewe ni njia nyingine.

Pili, ni kweli kwamba kwa mtu mzima anayetaka uwezo wa kunyanyua uzito mkubwa kabisa, vyuma vizito vina faida ambayo mazoezi ya mwili mtupu hayaifikii kwa urahisi. Mwalimu asilifiche jambo hili. Wanafunzi wamewaona vijana wa mtaani waliojengeka kwa vyuma, na mwalimu akikana wanachokiona kwa macho yao, hawatamwamini katika mengine. Hata hivyo, kwa kukuza misuli, mzigo mwepesi unaorudiwa hadi msuli ukaribie kuchoka kabisa huleta matokeo yanayokaribiana na yale ya mzigo mzito.

Tatu, usemi wa kwamba vyuma humdumaza mtoto hauna ushahidi wa kutosha. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinakubali mazoezi ya kunyanyua uzito kwa watoto iwapo yanafundishwa vizuri, yanasimamiwa, na mzigo unapandishwa taratibu. Hatari iko kwingine. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna sehemu za gegedu ambako mfupa hurefukia. Sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, nazo hugeuka kuwa mfupa mgumu kadiri ujana unavyokwisha. Mzigo uliozidi, mwendo mbaya, au chuma kilichomponyoka mtoto vinaweza kuzijeruhi. Kwa hiyo haifai kabisa watoto washindane nani atanyanyua uzito mkubwa kuliko wote.

Nne, mtoto ambaye hajabalehe hupata nguvu bila ya kutuna misuli. Nguvu yake huongezeka zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Mvulana asipoelezwa jambo hili, atajitazama kila siku akitafuta kifua kama cha kaka zake, asikione, kisha ataongeza kopo la zege akidhani kwamba hakunyanyua vya kutosha. Pengine hakuna maarifa katika somo hili yenye faida kwa mtoto kuliko haya.

Tano, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchangamsha mwili, na kwamba shughuli za kuimarisha misuli na mifupa zisipungue siku 3 kwa wiki. Mwongozo huo haukuweka vyuma kuwa sharti. Mchakamchaka, kuruka kamba, kuvuta kamba na pushapu vyatosha kulitimiza shauri hilo.

HESABU YA MZIGO

Maneno matupu hayatamshawishi mwanafunzi. Hesabu itamshawishi, hasa akiifanya mwenyewe. Tuchukue mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 36.

Vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima vimeonyesha kwamba mtu apigaye pushapu ya kawaida hubeba kwa mikono yake karibu asilimia 64 ya uzito wake. Akiweka magoti chini, hubeba karibu asilimia 49. Akiweka mikono juu ya benchi lenye kimo cha sentimeta 60, hubeba karibu asilimia 41. Akiigeuza hali hiyo, miguu ikawa juu ya benchi na mikono chini, hubeba karibu asilimia 74. Kwa mtoto tarakimu hizi ni makadirio, lakini zinatosha kwa somo letu. Mwanafunzi wetu wa kilo 36 anayo ngazi yenye vipandio vinne:

Mikono juu ya benchi: kilo 15.
Magoti chini: kilo 18.
Pushapu ya kawaida: kilo 23.
Miguu juu ya benchi: kilo 27.

Sasa tuangalie vyuma vya mtaani. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege litakuwa na kilo 9.6, na makopo mawili kilo 19.2. Ukiongeza bomba lenyewe, mzigo wote hauko mbali na zile kilo 23 za pushapu. Maana yake ni kwamba mtoto anayeidharau pushapu na kuvitukuza vyuma hivyo anadharau na kutukuza mzigo ule ule.

Je, akitaka kuongeza? Kifaa kinachofuata huenda kikawa ndoo mbili za lita 20. Ndoo moja ya zege ni kilo 48, na mbili ni kilo 96, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wa mwanafunzi wetu. Kati ya kilo 19 na kilo 96 hakuna kipandio. Hapo ndipo penye kasoro ya vyuma vya zege kwa mtoto: ngazi yao imekosa vipandio. Kadhalika havikuandikwa uzito, na kopo la upande mmoja huweza kuwa zito kuliko la upande wa pili, mwili ukapindwa bila mwenyewe kujua. Tena mtu achokapo katikati ya pushapu, hulala chini akapumua. Achokapo katikati ya kunyanyua chuma akiwa chali juu ya benchi, chuma humlalia kifuani.

HESHIMA YA ZOEZI

Kuna sababu nyingine inayowafanya watoto wavipende vyuma na kuyachukia mazoezi ya mwili, nayo imetoka kwetu walimu. Katika shule nyingi pushapu, kuruka kichura na kuchuchumaa vimetumiwa kuwa adhabu. Aliyechelewa anaruka kichura. Aliyepiga kelele anapiga pushapu. Baada ya miaka sita ya mafunzo ya namna hiyo, mtoto amejifunza barabara kwamba mazoezi ya mwili ni fedheha ya mkosaji, na kwamba vyuma ni fahari ya mtu huru. Mwalimu hawezi kulitumia zoezi kuwa fimbo siku ya Jumatatu, kisha siku ya Jumatano akalisifu kuwa dawa.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili aanze kwa kuacha desturi hiyo yeye mwenyewe, na kuzungumza na walimu wenzake kwa adabu ili nao waiache. Mazoezi ya mwili yana historia ya heshima katika nchi yetu. Aliyewahi kuitazama halaiki ya watoto katika sherehe za kitaifa ameona mnara wa watu ukisimama bila kipande cha chuma. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, mzigo alioubeba mbele ya ulimwengu ulikuwa mwili wake mwenyewe. Mifano ya namna hii imweleze mtoto kwamba mwili ni kifaa cha mabingwa.

ANDALIO LA SOMO

Darasa: la VI. Idadi: wanafunzi 80. Muda: dakika 40, ikiwezekana kabla ya saa 4 asubuhi, jua halijawa kali.

Lengo: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kukadiria mzigo wa zoezi, kuchagua kipandio kinachomfaa, na kutaja masharti matatu ya kunyanyua vyuma.

Zana: mizani ya kupimia watu (huweza kuazimwa katika zahanati ya jirani), kopo la lita 4 lililojazwa mchanga au kokoto, ndoo ya lita 20 yenye maji, mabenchi manne, vipande kumi vya kamba, chaki.

Hatua ya 1: Utangulizi (dakika 5). Mwalimu aulize kwa sauti ya kawaida: "Nani kati yenu amewahi kunyanyua vyuma?" Asikunje uso wala asiandike majina. Kisha aulize: "Nani amebeba ndoo ya maji leo asubuhi?" Hapo wasichana wengi huenda wakanyosha mikono. Mwalimu awaambie kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo iliyojaa ni kilo 20. Darasa zima litambue kwamba wanyanyuaji hawako kwenye uwanja wa vyuma peke yake.

Hatua ya 2: Maarifa mapya (dakika 10). Mwanafunzi mmoja aliyejitolea apimwe uzito. Darasa litafute asilimia 41, 49, 64 na 74 za uzito huo, na matokeo yaandikwe ubaoni kama ngazi. Kisha kopo lipimwe, na wanafunzi wakadirie uzito wake kama lingejaa zege. Mwalimu asiwatolee jibu; awaulize: "Mzigo upi mkubwa? Upi unaweza kuongezwa kidogo kidogo?" Tahadhari: asichaguliwe mtoto mnene sana au mwembamba sana, wenzake wakapata la kumcheka.

Hatua ya 3: Mazoezi (dakika 16). Darasa ligawanywe katika vituo vinne vya wanafunzi 20, nao wafanye kazi wawili wawili, mmoja mtendaji na mwenzake mkaguzi. Kila kituo kipewe dakika 3, na dakika moja ya kuhama.
Kituo cha kwanza ni kusukuma: pushapu katika kipandio alichokichagua mwanafunzi.
Kituo cha pili ni miguu: kuchuchumaa na kusimama polepole, visigino vikiwa chini.
Kituo cha tatu ni kuvuta: wawili wakae wakitazamana, nyayo zikikutana, washike kamba fupi na kuvutana kwa zamu bila kushtukiza. Hapa wote wawili ni watendaji.
Kituo cha nne ni kiwiliwili: kulala kifudifudi, kisha kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukinyooka kama ubao, kwa hesabu ya 15.

Mkaguzi atazame mambo matatu: mgongo umenyooka? Pumzi haikuzuiwa? Mwendo haukuharakishwa? Jambo moja likiharibika, amwambie mwenzake apumzike au ashuke kipandio kimoja. Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama watoto 80, lakini wakaguzi wakifundishwa vema, kila mtendaji atakuwa na jicho la kumtazama.

Hatua ya 4: Kukaza maarifa (dakika 6). Mwalimu arudi kwenye swali la vyuma na kutoa masharti matatu. La kwanza, mwendo ujifunzwe kwanza kwa ufito mtupu mpaka ufanyike bila kosa. La pili, uzito ujulikane kwa mizani na uweze kuongezwa kidogo kidogo. La tatu, awepo mtu mzima ajuaye kazi hiyo, aliye tayari kumtazama mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Sharti moja likikosekana, vyuma vingoje.

Hatua ya 5: Tathmini (dakika 3). Mwalimu atoe mifano miwili, na wanafunzi waseme wangeshauri nini. Mfano wa kwanza: mvulana wa miaka 12 anayealikwa na kaka yake kujaribu chuma kisichojulikana uzito. Mfano wa pili: msichana wa miaka 13 anayetaka kuwa na nguvu ya kurusha tufe, naye nyumbani kwao wanaishi chumba kimoja.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi ajiandikie mpango wa siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Aanze na seti 2 za mara 8 katika kipandio anachokiweza. Afikapo mara 15 bila kuharibu mwendo, apande kipandio kinachofuata. Mpango huu unahitaji nafasi ya mkeka mmoja tu, nayo hupatikana hata katika chumba cha kupanga.

SHIDA ZITAKAZOTOKEA

Wasichana huweza kusita, ama kwa sababu ya mavazi, ama kwa sababu wamesikia kwamba mazoezi ya nguvu yatawafanya wafanane na wanaume. Waruhusiwe kuvaa suruali ya michezo ndani ya sketi, na wapewe kituo wanachokiona kina staha. Ama kuhusu hofu ile, mwalimu awakumbushe zile ndoo za maji: mama zao wamebeba mizigo miaka yote, na hakuna aliyegeuka mwanamume.

Baadhi ya watoto watakuja bila kula kitu, au wakiwa wamekwisha kuchota maji mara nne kabla ya kengele. Mwalimu aulize kabla hajaanza. Mtoto wa namna hiyo awe mkaguzi siku hiyo, wala asitajwe sababu mbele ya wenzake.

Pia watakuwapo watakaotaka kuning'inia ili wafanye zoezi la kuvuta. Ni zoezi zuri, lakini mwalimu asiwaruhusu kuning'inia kwenye goli lisilochimbiwa imara, maana goli likianguka huua. Kamba ya kituo cha tatu inatosha.

Mwishowe, mwalimu atakutana na wale vijana wa uwanja wa vyuma wenyewe, ambao huenda ni kaka wa wanafunzi wake. Asiwaendee kama askari. Awaombe mambo mawili: wavipime vyuma vyao na kuandika uzito kwa rangi juu ya kila kopo, na wasimpe mtoto chuma kabla hajaonyesha mwendo sahihi kwa ufito. Mara nyingi vijana wakiombwa kuwa walinzi wa wadogo zao huikubali heshima hiyo, na uwanja wenyewe huwa salama zaidi kwa wote.

MASWALI YA KUJADILI CHUONI

1. Mwanafunzi wako ana kilo 42. Tafuta mzigo wake katika vipandio vyote vinne vya pushapu.
2. Mwalimu mwenzako mwenye umri mkubwa kuliko wako anawaadhibu watoto kwa kuruka kichura. Utazungumza naye namna gani bila kumvunjia heshima?
3. Mzazi anakuja shuleni kulalamika kwamba umemruhusu mwanawe vyuma, ilhali wewe ulitoa masharti matatu. Eleza utakavyomjibu.
4. Andaa kituo cha tano cha zoezi la nguvu kwa kutumia kifaa kinachopatikana katika mtaa wa shule yako. Onyesha mzigo wake umeupima vipi, na utaongezwa namna gani.